Kesi za Fildi ya Mionzi Zinasahihishwaje? Maswali Ninayoulizwa Kila Muhula

Kila fildi, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini, inapokaribia kwisha, simu yangu inajaa ujumbe unaoanza na "Madam, samahani kwa usumbufu". Kinachofuata ni swali lile lile nililolijibu mwaka juzi, mwaka jana na wiki iliyopita. Nafundisha teknolojia ya mionzi kwenye chuo kimoja cha afya hapa Tanzania, na rundo la kesi za wanafunzi huwa halikosekani mezani kwangu. Nimeyakusanya maswali hayo hapa ili mimi nisichoke kujibu, nanyi msichoke kusubiri. Mgawanyo wa maksi nitakaoutaja ni wa kwetu. Chuo chako kinaweza kuwa na wake, kwa hiyo soma mwongozo wako kwanza ndipo uje kubishana na mimi.

Madam, kesi ni nini hasa? Si ripoti ya picha tu?

Hapana. Ripoti ya picha ni kazi ya radiolojisti, daktari bingwa wa kusoma picha. Kesi ni maelezo ya safari nzima ya mgonjwa mmoja ndani ya idara ya mionzi, yakiandikwa na mtu aliyemhudumia: alikuja na malalamiko gani, fomu ya daktari iliomba nini, kwa nini kipimo hicho na si kingine, ulimwekaje, uliweka mionzi kiasi gani, picha ilitokaje, inaonyesha nini, na baada ya hapo mgonjwa alielekea wapi. Ukiruka kimojawapo nitakiona, maana msomaji wa kesi anamfuata mgonjwa, na mgonjwa hawezi kutoka mlangoni akatokea ghafla kwenye majibu.

Maksi zinagawanywaje?

Kwa 100. Historia ya mgonjwa na uhalali wa kipimo ni 15. Namna ulivyofanya kipimo chenyewe ni 30, na hapo ndipo pana chungu chote. Tathmini ya ubora wa picha ni 25. Ugonjwa na uhusiano wake na kinachoonekana kwenye picha ni 15. Usalama wa mionzi pamoja na kumhudumia mgonjwa ni 10. Uandishi na rejea ni 5.

Sasa fanya hesabu. Mwanafunzi ananiletea kurasa tisa, sita kati ya hizo zikiwa ni kifua kikuu tangu bakteria hadi dawa, zimechotwa kitabuni. Hata angeandika kama profesa, kurasa zile sita zina maksi 15 tu. Kurasa tatu zilizobaki ndizo anazozitegemea zimletee 85. Halafu anakuja ofisini kuniuliza kwa nini amepata 48 na kazi yake ilikuwa ndefu kuliko ya mwenzake.

Lazima nipate ugonjwa wa ajabu ili nipate A?

Hili ndilo swali linalowapotezea watu muda kuliko yote. Wapo wanaokaa wiki tano wakisubiri kesi "kali", wiki ya sita wanabeba chochote kilichopita mbele yao.

Niwape mifano miwili. Mwanafunzi wa kwanza alipata mgonjwa ambaye moyo wake uko upande wa kulia. Kesi adimu kweli, na alifurahi. Akaandika vizuri sana kuhusu hali hiyo. Lakini hakuna mahali popote alipojiuliza swali ambalo mtu yeyote wa mionzi angeliuliza kwanza: nitajuaje kwamba picha haikugeuzwa? Herufi ya R kwenye picha yake ilikuwa imechapwa kwenye kompyuta baada ya picha kutoka. Herufi ya namna hiyo haithibitishi kitu. Angekuwa ameibandika herufi ya risasi wakati wa kupiga, picha ikigeuzwa na herufi ingegeuka nayo kama kwenye kioo. Angeweza pia kutaja hewa ya tumboni iko upande gani, au kwamba altrasaundi ilikuta ini liko wapi. Hakutaja. Alipata 57.

Wa pili alikuwa na mama wa miaka 60 na kitu aliyeteleza bafuni akaangukia kiganja. Kuvunjika kwa kigasha karibu na kifundo cha mkono, kitu ambacho idara yoyote inakiona kila wiki. Abraham Colles wa Dublin alikieleza mwaka 1814, miaka 81 kabla ya Röntgen kugundua eksirei, kwa kutazama na kupapasa tu. Hakuna cha ajabu hapo. Ila yule mama alikuwa hawezi kuugeuza mkono kwa ajili ya picha ya ubavuni. Mwanafunzi akaandika kwamba hakumlazimisha: aliuacha mkono ulivyolala juu ya sponji, akasimamisha kaseti (bapa inayopokea picha) ubavuni mwa mkono, akalaza tyubu inayotoa mionzi ili mwale upite kwa ulalo. Akaeleza kwa nini picha ya pili ilikuwa ya lazima, kwamba picha ya mbele peke yake isingeonyesha kipande cha mfupa kimepinda kuelekea nyuma ya mkono kwa kiasi gani, na daktari wa mifupa ndicho anachotaka kukijua kabla ya kuuvuta. Alipata 86. Ni kesi ya bafuni tu.

Nimeandika "picha ni nzuri na ina ubora unaotakiwa". Mbona nimepata 6 kati ya 25?

Sita nilikuonea huruma.

Chukua picha ya kifua ya kusimama, mwale ukitokea mgongoni. "Nzuri" maana yake nini? Nionyeshe. Je, mgonjwa alivuta pumzi ya kutosha? Hesabu mbavu za nyuma zilizo juu ya kiwambo. Ukifika ya 10 umepata pumzi nzuri, ukiishia ya 7 usinitajie uvimbe wa moyo. Je, alikuwa amenyooka? Tazama ncha za ndani za mitulinga miwili, kisha mwiba wa pingili ya uti wa mgongo katikati yake. Umbali ulingane pande zote mbili. Mifupa bapa ya mabega imetoka nje ya mapafu, au mgonjwa hakusukuma viwiko mbele? Ncha za juu za mapafu zimo, na pembe za chini zimo zote mbili? Pingili zinaonekana kwa mbali nyuma ya kivuli cha moyo? Herufi ya upande ipo, na haijakaa juu ya kitu cha maana?

Hayo ni maswali, lakini maksi kubwa zipo kwenye hatua inayofuata, ambayo wengi hawaifikii: kasoro uliyoikuta inabadilishaje tafsiri ya picha? Mgonjwa akipinda, pafu moja litaonekana jeusi kuliko jingine, na mtu asiyejua ataanza kutafuta ugonjwa. Picha iliyopigwa mgonjwa amelala chali kitandani inaukuza moyo, kwa sababu moyo umekaa mbali na kaseti, na mara nyingi tyubu nayo iko karibu. Kile kipimo cha upana wa moyo kutozidi nusu ya upana wa kifua ni cha picha ya kusimama iliyopigwa toka mgongoni. Ukikitumia kwenye picha ya wodini umemzulia mgonjwa ugonjwa wa moyo.

Mwaka fulani mwanafunzi aliandika sentensi hii, nami niliiwekea nyota pembeni: "Mgonjwa amepinda kidogo upande wa kulia, kwa hiyo sikuutegemea weusi wa mapafu, nilitegemea pembe za chini, ambazo zote mbili ni kali." Mistari miwili, na maksi zote za kipengele.

Picha yangu ya kwanza iliharibika nikarudia. Niseme au nifiche?

Sema. Kurudia picha si kosa la kukatiwa maksi kwenye kesi. Kosa ni kutojua kwa nini ilirudiwa. Niambie ilikataliwa kwa sababu gani, nani aliamua irudiwe, ulibadilisha nini, na mgonjwa alipata mionzi ya ziada kiasi gani. Idara makini huwa zinahesabu picha zilizokataliwa na sababu zake ili zijue pa kurekebisha, na wewe uanze kujizoesha.

Ukificha, mara nyingi utakamatwa na vitu vidogo. Nimewahi kuletewa picha iliyoandikwa pembeni kwamba ni ya tatu katika mfululizo, huku kesi ikisema ilipigwa mara moja tu "kwa ustadi". Nilimwita, tukaitazama pamoja. Hakusema kitu, nami sikusema kitu, tukawa tunaangalia ile namba 3.

Ukitaka kumweleza mtu uzito wa mionzi hiyo, mlinganisho ni huu: picha moja ya kifua kwa mtu mzima ni takribani 0.02 mSv (milisivati, kipimo cha dozi ya mionzi). Mazingira tunamoishi, yaani udongo, anga na chakula, humpa mtu wastani wa 2.4 mSv kwa mwaka duniani. Kwa hiyo picha moja ya kifua ni kama siku tatu za kuishi tu. CT ya tumbo, yaani eksirei ya vipande vipande vya mwili, inaweza kufika 8 mSv au zaidi, hiyo ni miaka mitatu na ushee. Kurudia hiki si sawa na kurudia kile, na kesi yako ionyeshe kwamba unaijua tofauti.

Viwango vya mionzi niandike vya kitabuni au vya mashine?

Vya mashine, siku ile, mgonjwa yule. Naona kesi nyingi zinazosema kVp 120 (nguvu ya kupenya ya mionzi), gridi (wavu wa kuchuja mionzi iliyotawanyika), umbali wa sentimita 180, na hospitali anakotoka mwandishi naijua: kuna mashine moja ya magurudumu na gridi ilivunjika zamani. Vitabu vingi tunavyosoma viliandikwa kwa ajili ya idara ambazo hatunazo, na kuvinakili ni kuandika habari za mgonjwa wa nchi nyingine.

Kuna namna ya kukugundua. Mionzi hupungua kwa mraba wa umbali. Ukiiondoa tyubu sentimita 100 ukaipeleka 180, unahitaji mAs, yaani kiasi cha mionzi inayotolewa, zaidi ya mara tatu, 3.24 ukitaka usahihi, ili kaseti ipate kiasi kile kile. Kama 5 ilitosha kwenye 100, kwenye 180 utahitaji 16 hivi. Mwanafunzi anayeniandikia kwamba mgonjwa mmoja alipigwa kwa 180 na mwingine mwenye umbo lile lile kwa 100, kVp ile ile, mAs ile ile, na picha zote mbili zina ubora sawa, ameniambia kwamba mojawapo hakuipima. Basi andika ukweli: "Chumba ni kifupi, umbali ulioishia kupatikana ni sentimita 150, nikarekebisha hivi." Hiyo ni kazi ya mtaalamu. Umbali wa kusingizia hauna maksi.

Nimefuta jina la mgonjwa. Kwa nini kesi imerudishwa bila kusahihishwa?

Kwa sababu hukulifuta. Uliweka kisanduku cheusi juu yake kwenye Word, nikakibofya, nikakisogeza, jina likawa linanitazama pamoja na namba ya faili na umri. Hili hutokea kila mwaka.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022. Wenzetu Kenya wana ya kwao tangu 2019. Lakini hata kabla ya sheria, siri ya mgonjwa ilikuwa siri. Toa picha kwenye mashine ikiwa haina jina, maana mashine nyingi za kidijiti zinaruhusu hilo wakati wa kuhamisha. Ukishindwa, kata ile sehemu ya picha kabisa badala ya kuifunika. Angalia na jina la faili lenyewe, kuna mtu alifuta kila kitu akaliita faili kwa jina kamili la mgonjwa. Ukipiga picha ya skrini kwa simu, tazama kilichoakisiwa kwenye kioo na orodha ya wagonjwa wengine pembeni. Na picha za CT za kichwa zilizojengwa kwa pande tatu zinaonyesha sura ya mtu. Hiyo hata bila jina ndugu zake wanamtambua.

Halafu kuna historia yenyewe. "Mgonjwa ni mwalimu mkuu mwanamke wa shule pekee ya sekondari kijijini" haina jina, ila kijiji kizima kinamjua. Andika "mwanamke wa miaka ya hamsini, mtumishi". Na tafadhali, kesi isipite kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Natakiwa kutaja ugonjwa, au nieleze tu ninachokiona?

Eleza kwanza, kisha useme mwonekano huo unaendana na nini. Tundu lenye kuta nene kwenye sehemu ya juu ya pafu la kulia ni kitu unachokiona. Kifua kikuu ni kitu kinachothibitishwa na makohozi. Pafu lililopona zamani linaweza kuacha makovu yanayomdanganya mtu, kwa hiyo ukiandika "picha imethibitisha TB" nakukata maksi, hata kama baadaye ilikuwa TB kweli. Andika "mwonekano unaendana na kifua kikuu, makohozi yalipelekwa maabara". Kama majibu ya maabara uliyapata, yaweke. Kama hukuyapata, sema hukuyapata.

Radiolojisti akisema tofauti na ulivyoona wewe, usifute maoni yako ukaandika ya kwake kana kwamba mliona pamoja. Weka yote mawili na ueleze uliteleza wapi. Nina heshima kubwa kwa mwanafunzi anayeandika: "Nilidhani ni mfupa umevunjika, kumbe ni mstari wa ukuaji wa mfupa wa mtoto, na upande wa pili ulikuwa nao."

Jambo moja hapa halihusiani na maksi lakini lina maksi pia: ukiona kitu cha hatari, mathalani hewa nje ya pafu iliyousukuma moyo upande wa pili, kesi iniambie ulimwita nani na lini. Kama ulimaliza picha, ukamrudisha mgonjwa kwenye benchi akasubiri majibu, uzuri wa mbavu 10 hautakusaidia.

Nimeandika kanuni zote za kinga ya mionzi na bado nimepata 3 kati ya 10. Kwa nini?

Kwa sababu uliandika kanuni. Mimi nataka tendo. "Dozi iwe ndogo kadiri inavyowezekana kwa busara" ni sentensi niliyoisoma mara nyingi kuliko sala. Ulibana mwale ukaishia wapi? Nani alibaki chumbani kumshika mtoto, na alivaa aproni ya risasi? Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa ulimuuliza siku zake?

Kwenye hilo la mwisho nina mfano ninaoupenda. Binti wa miaka 19, picha ya nyonga na kiuno, kaja na mama mkwe. Mwanafunzi akaandika kwamba alimwomba mama mkwe atoke kwanza, akampa kiti nje, akafunga mlango, ndipo akauliza. Binti akasema hana uhakika. Kipimo kikaahirishwa hadi wapime mkojo. Mwanafunzi yule hakutaja kanuni hata moja kwa jina na alipata 10.

Kosa jingine linalojirudia: "mgonjwa hakuzidi ukomo wa 20 mSv kwa mwaka." Huo ni ukomo wa wafanyakazi wa mionzi, wastani wa miaka mitano, kwa watu wa kawaida ni 1 mSv. Mgonjwa hana ukomo. Kinachomlinda mgonjwa ni kipimo kuwa na sababu na kufanywa kwa kiasi kinachofaa. Kile kidude unachovaa kifuani ambacho Tume ya Nguvu za Atomu inakisoma ni chako, si cha mgonjwa.

Na ngao ya risasi sehemu za siri? Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilishauri iachwe kutumika kama mazoea, kwa kuwa inaweza kuficha kitu kinachotafutwa au kuifanya mashine inayojipangia kiwango iongeze mionzi. Hospitali nyingi bado zinaitumia. Ukiitumia au usipoitumia, toa sababu, nami sitakukata kwa upande wowote.

CT na altrasaundi zinasahihishwa kwa vigezo hivi hivi?

Mifupa ya vigezo ni ile ile, nyama inabadilika.

Kwa CT ya kichwa, na nyingi mnazoleta ni za ajali ya bodaboda, nataka kujua kwa nini hukumpa dawa ya kontrasti, ile ya kung'arisha picha. Jibu lipo kwenye namba: damu mbichi inasoma 50 hadi 70 hivi kwenye kipimo cha Hounsfield, kinachoonyesha kitu kinazuia mionzi kiasi gani, ubongo 30 hadi 40, maji sifuri. Damu inang'aa yenyewe, na kontrasti ingeweza kukuchanganya. Nionyeshe dirisha (mpangilio wa mwangaza wa picha) la ubongo na dirisha la mfupa, si moja tu. Eleza umbo: damu iliyobinuka kama lenzi inazuiwa na viungio vya fuvu, iliyojikunja kama mwezi mwandamo haizuiwi navyo, na umbo hilo linakwambia imekaa tabaka gani. Dozi usiikadirie, mashine inaiandika yenyewe ukurasa wa mwisho, inakili.

Altrasaundi inamtegemea mpigaji, kwa hiyo picha moja ya mawe ya nyongo hainitoshi. Mgonjwa alikuwa amefunga kula? Ulimgeuza ubavu wa kushoto? Jiwe liliviringika, au lilibaki limening'inia ukutani kama kinyama? Kivuli cheusi nyuma yake kipo? Taja na prob (kichwa cha mashine kinachogusa ngozi) uliyoitumia na kina ulichoweka.

MRI, ile mashine ya sumaku, wachache mnaileta. Orodha ya vyuma mwilini ndiyo ninayoisoma kwanza.

Historia ya mgonjwa niiandike vipi wakati kesi inatakiwa kwa Kiingereza?

Swali zuri, na jibu langu huwashangaza watu. Mgonjwa alisema "kichomi". Mwanafunzi anaandika kwa Kiingereza "maumivu ya kifua", basi. Kichomi ni maumivu makali yanayochoma mtu akivuta pumzi, na neno hilo moja lilitosha kukuelekeza kwenye utando wa pafu. Mwingine alisema "moyo unanienda mbio nikipanda ngazi", ikageuzwa kuwa "ana tatizo la moyo". Andika neno la mgonjwa kwa Kiswahili kama lilivyo, kisha lifafanue kwa Kiingereza. Nami nitakupa maksi kwa kulisikia.

Fomu ya daktari ikiwa imeandikwa "kifua" tu bila maelezo, andika hivyo hivyo, kisha andika ulichokipata kwa kumuuliza mgonjwa. Fomu tupu si kosa lako; kutouliza ndilo lako.

Mimi na mwenzangu tulimhudumia mgonjwa mmoja. Tunaweza kuandika wote?

Mnaweza, kila mmoja kwa upande wake: nani alimweka mgonjwa, nani alipanga viwango, nani alitathmini. Zikija kesi mbili zenye sentensi zilezile, nawaita wote wawili mbele ya kioo cha kutazamia picha, dakika tano kila mtu peke yake. Hapo aliyedesa hujulikana haraka, kwa sababu hakumbuki hata mgonjwa alikuwa amevaa nini shingoni.

Na akili bandia?

Kurekebisha Kiingereza chako sina tatizo nayo, ukisema. Kuandikiwa kesi ni tatizo, na haihitaji programu ya kunigundulia. Programu haikuwa chumbani. Itakuandikia gridi ambayo hamna, itamvulisha mgonjwa mkufu ambao hakuwa nao, na itasahau kwamba umeme ulikatika katikati ya kipimo mkasubiri jenereta.

Rejea ngapi?

Tano zilizosomwa zinashinda ishirini zilizobandikwa.

Sikubaliani na maksi zangu. Nifanyeje?

Njoo na kesi yako na mwongozo, uniambie ni kipengele gani. Kwetu kesi husomwa na watu wawili, na tukipishana zaidi ya maksi 10 anaitwa wa tatu. Nimewahi kuongeza maksi baada ya mwanafunzi kunionyesha aya niliyoiruka. Nilikuwa nasahihisha saa tano usiku, na mimi ni binadamu. "Madam, niongezee kidogo nisisapu" si kipengele.

Ukipata chini ya 50 unaandika upya mara moja, mgonjwa yule yule kama historia yake imekamilika.

Nilipofuata picha yangu wiki ya mwisho nikakuta imefutwa kwenye mashine. Sasa?

Pole. Hospitali isiyokuwa na hifadhi kuu ya picha hutegemea diski ya mashine yenyewe, na diski ikijaa picha za zamani zinaondoka kuwapisha wagonjwa wapya. Kama ilichapwa, uliza mapokezi kama filamu bado haijachukuliwa na mwenyewe. Usimpigie mgonjwa simu nyumbani kwake kumwomba filamu. Yupo aliyefanya hivyo, na mgonjwa akadhani amepatikana na saratani.

Ikishindikana, chagua mgonjwa mwingine, na safari hii omba kibali cha msimamizi na uhamishe picha siku ile ile, kabla hujavua koti.